Mbaraka Mwinshehe: Fundi wa Gita Aliyefia Mombasa Akiwa na Miaka 34 Tu

Ingia kinyozi yoyote Kawangware siku ya Jumapili, ama pitia Toi Market pale Kibera redio ikicheza zilizopendwa. Hutakaa sana kabla ngoma ya Mbaraka Mwinshehe iingie. Mabuda huacha story wanaanza kuimba. Vijana pia wanajua hiyo gita, ni vile tu wengi hawajui ni ya nani.

Mbaraka alizaliwa 1944 huko Tanganyika. Masomo aliachia njiani, akafuata muziki.

Jina lake lilitokea Morogoro. Miaka ya sitini huo mji ulikuwa na bendi mbili kali: Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mashabiki walikuwa wamegawanyika vile Nairobi tumegawanyika Gor na Ingwe. Mbaraka aliingia Morogoro Jazz kijana mdogo. Mwaka wa 1965 Salum Abdallah akafariki kwa ajali ya barabarani. Kijana wa Morogoro Jazz naye akazidi kupanda, akiwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo.

Alikuwa anaimba vitu watu wanaishi: mapenzi, pesa, majirani. Aliimba hata habari za nchi. Dkt. Klerruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimtungia wimbo.

Halafu ikaja safari ya Japan. Mwaka wa 1970, yeye na bendi walitumwa kuiwakilisha Tanzania kwa maonyesho ya dunia, Expo 70, mjini Osaka. Msee aliyeacha shule, dunia nzima ikimtazama. Si mchezo.

Mwaka wa 1973 alijitoa Morogoro Jazz, akaanzisha bendi yake, Orchestra Super Volcano. Sasa yeye ndiye bosi. Bendi ikilala njaa, wasee wanaangalia yeye.

Hapa ndipo Kenya inaingia. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hivyo ngoma nyingi za huko zilitengenezewa Nairobi. Zikauzwa hapa, zikachezwa kwa baa na kwa redio. "Shida" ilishika vibaya sana, na mtaani kila mtu alikuwa na zake. Hata mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 serikali zikikosana, Mbaraka alikuwa tayari ni wetu.

Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa. Story ambayo wazee husimulia mpaka leo ni kwamba alivuja damu nyingi hospitalini, na damu ya kumwongezea haikupatikana kwa wakati. Tarehe 12 akaaga dunia. Alikuwa na miaka 34. Barabara ilikuwa imebeba Salum, ikabeba na yeye.

Baadaye ngoma zake zilikusanywa Nairobi zikatolewa kwa mfululizo wa albamu unaoitwa Ukumbusho. Ndiyo maana hadi leo, kwa matatu ya 46, bado unamskia.

Kwa hivyo next time buda akiongeza sauti ya redio, usimwambie abadilishe stesheni. Muulize alikuwa wapi siku Mbaraka alikufa. Utapata story. Na kama kuna mahali watu wanatoa damu karibu na wewe, ingia kwa laini.