Dale Carnegie: Mwana wa mkulima aliyewaondolea wengi hofu ya jukwaa

MWAKA wa 1912, Dale Carnegie alikuwa kijana asiye na mbele wala nyuma jijini New York. Kazi ya kuuza malori ilikuwa imemchosha, nayo ndoto ya uigizaji ilikuwa imemponyoka.

Aliuendea uongozi wa YMCA mtaani Harlem, akaomba kuwafundisha watu wazima uhatibu nyakati za usiku kwa malipo ya dola 2 kwa kipindi. Wasimamizi walikataa. Walikubali tu agawane nao faida, iwapo ingepatikana.

Katika kipindi cha kwanza, maneno yalimwishia kabla ya wakati. Kwa kutapatapa, aliwataka wanafunzi wasimame mmoja mmoja waeleze jambo lililowahi kuwakasirisha. Waliokuwa wakitetemeka wakazungumza bila kusita! Tangu siku hiyo, msingi wa mafunzo yake ukawa huo: mtu asihutubu maneno ya kuazima, bali aseme aliyoyapitia mwenyewe.

Hofu hiyo aliijua vyema. Alizaliwa Novemba 24, 1888, Maryville, jimbo la Missouri, katika familia ya wakulima fukara. Alipojiunga na chuo cha walimu cha Warrensburg, wazazi hawakumudu gharama ya malazi, hivyo akawa anakwenda masomoni kwa farasi kila siku. Alijitosa katika mashindano ya kuhutubu, akabwagwa mara kadhaa kabla ya kuanza kushinda.

Jina la ukoo wake lilikuwa Carnagey. Baadaye alilibadilisha lifanane na la bwanyenye Andrew Carnegie, ambaye hawakuwa na udugu wowote. Hiyo ilikuwa hila ya mchuuzi, na hatuna budi kuiita hivyo.

Mnamo 1934, Leon Shimkin wa kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster alihudhuria mafunzo hayo, akamshawishi ayaandike. Kitabu kuhusu kupata marafiki na kuwavuta watu kilitoka 1936, na kimeuza zaidi ya nakala milioni 30.

Wakosoaji walidai kinafunza unafiki. Lawama hiyo haikosi uzito, ingawa kitabu chenyewe kinakemea kujipendekeza na kuhimiza sifa za dhati.

Miongoni mwa waliohitimu ni bilionea Warren Buffett, aliyeogopa mno kuzungumza hadharani ujanani mwake. Cheti cha kozi hiyo alikitundika ofisini.

Carnegie alifariki New York mnamo Novemba 1, 1955, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Belton, katika jimbo lake la Missouri.