Kinjikitile Ngwale: Imani, Moyo na Risasi

Ndugu askari, bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, imeonja vita vinavyofungamana na imani. Tarehe 5 Oktoba, 2017, usiku wa manane, vituo vya polisi vya mji huo vilishambuliwa na watu wenye silaha waliodai kuwa wanapigania dini. Agosti 2020 bandari ikatekwa, na tarehe 8 Agosti, 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaikomboa. Mwaka 2022, wanavijiji wa jimbo hilohilo la Cabo Delgado walianza kujikusanya katika vikosi vya jadi viitwavyo Naparama, wakachanjwa dawa waliyoamini kuwa huzuia risasi.

Je, imani yaweza kuukinga mwili? Swali hili si geni katika pwani yetu. Chombo kinachotweka tanga Mocímboa wakati wa kusi huvuka mlango wa Ruvuma, kikapita Mikindani, Lindi na Kilwa, hata kikawasili penye delta ya Rufiji. Bara ya hapo, mahali paitwapo Ngarambe, aliishi mtu ambaye maisha yake yote hukumbukwa kwa ajili ya swali hilo. Jina lake Kinjikitile Ngwale.

Mnamo mwaka 1904 habari zake zilianza kuenea. Yasimuliwa kwamba siku moja alipagawa na pepo, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye kina cha maji, akazama. Jamaa zake walipiga mbizi wasimwone, wakalala ukingoni wakimngojea. Kesho yake aliibuka mzima, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo alinena kwa mamlaka ya pepo Hongo.

Ili tuelewe kwa nini alisikilizwa, yatupasa tukumbuke hali ya wananchi wa zama zile. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imewatoza kodi, na tangu 1902 iliwalazimisha kulima mashamba ya pamoja ya pamba, siku 28 kwa mwaka, chini ya kiboko cha akida na jumbe. Malipo yalikuwa haba hata baadhi ya watu wakakataa kuyapokea. Waliowahi kupinga walikuwa wamepigwa, na kumbukumbu ya kipigo ilikaa mwilini: mtu alimwona askari wa serikali, magoti yakalegea kabla hajaguswa.

Ugonjwa huo wa hofu ndio Kinjikitile aliouganga. Mahujaji walimiminika Ngarambe, wakatoa heshima kwa mizimu ya wazee wao, wakapewa maji yaliyochanganywa na mtama na mbono. Waliambiwa kwamba maji hayo yangeigeuza risasi ya Mjerumani kuwa maji. Habari zilipita kwa siri, kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengineo, ambao hawakuwa na mfalme mmoja, sasa walikuwa na kiapo kimoja. Hapana budi tukiri kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa. Watu walioinama miaka mingi walisimama wima, kwa sababu moyo ulikuwa umepona.

Lakini moyo uliopona hauna subira. Inasimuliwa kuwa Kinjikitile aliwataka watu wangoje amri yake. Hawakungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mipamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti, 1905 akanyongwa huko Mohoro. Yasemekana kwamba mbele ya kitanzi alisema kuwa kifo chake si kitu, maana dawa yake ilikwisha kufika mbali.

Katika hilo hakukosea. Tarehe 30 Agosti, 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuja mchana kweupe, bega kwa bega, wakielekea bunduki za rashasha. Waliotangulia walianguka kama mtama penye mundu, na waliofuata waliwakanyaga wenzao wakaendelea mbele. Sisi tuliozoea gwaride na uwanja wa shabaha twajua ni kazi gani kumfanya mtu asonge mbele risasi zikivuma. Maji yale yalilifanya hilo. Hayakuweza kuigeuza risasi. Vita vilidumu hadi 1907, na Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba. Serikali yao ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wametaja hata 300,000, wengi wao kwa njaa.

Yamkini mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa kale. Basi na tuvuke tena Ruvuma. Mnamo mwaka 1990, katika jimbo la Zambézia, aliinuka kijana mganga, Manuel António, aliyewachanja wafuasi wake wakaitwa Naparama. Walikwenda vitani kwa mikuki na mapanga, na wapiganaji wa Renamo wenye bunduki wakakimbia. Sababu ni nini? Ni kwamba wale wenye bunduki nao waliiamini dawa. Mikono yao ilitetemeka, shabaha ikapotea. Mahenge, aliyekaa nyuma ya rashasha hakutetemeka. Manuel António mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1991.

Hapa ndipo maisha ya Kinjikitile yanapotufundisha. Imani hufanya kazi ndani ya mwanadamu. Askari anayemwomba Mungu wake kabla ya zamu hutuliza pumzi, mapigo ya moyo hupungua, jicho huona vema, na mkono hushika silaha kwa uthabiti. Hata adui aweza kuingiwa na hofu kwa imani yake mwenyewe. Lakini chuma kilichokwisha kutoka mtutuni hakina moyo wa kuamini wala wa kuogopa.

Kwa hiyo hatumcheki Kinjikitile. Aliwaganga watu wake ugonjwa wa kweli, na taifa limemweka miongoni mwa mashujaa wake. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alimwandikia tamthilia yenye jina lake. Lakini ahadi juu ya mwili ilikuwa deni, na deni hilo lililipwa na vijana wa Mahenge.

Kila kamanda na akumbuke hesabu hiyo. Kijana akija zamuni na tasbihi, rozari au hirizi ya babu yake, asidhihakiwe, maana huenda hicho ndicho kinachomwezesha kusimama. Lakini achimbe handaki lake, avae kofia ya chuma, na atambae pale panapostahili kutambaa. Naye anayemwambia kijana, kwa jina la dini yoyote, kwamba mwili wake hautaingia risasi, aulizwe kwanza kama yeye mwenyewe atakuwa mstari wa mbele.