Siti binti Saad: Sauti ya Kiunguja Katika Santuri

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia Bungoma au Kitale huisikia lugha hii kwa namna mbili. Sokoni na katika vituo vya magari huisikia ikichanganyika na Lubukusu, Kisabaoti, Kipokoti na lugha nyinginezo za majirani. Darasani hukutana na Kiswahili sanifu, kikiwa kimeandikwa kitabuni na kupangwa kwa ngeli. Hufundishwa kwamba Kiswahili hicho sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, lakini ni nadra kufundishwa jinsi lahaja hiyo ilivyosikika vinywani mwa wenyewe. Miongoni mwa wanaoweza kumjibu ni Siti binti Saad, aliyefariki mwaka wa 1950 na ambaye sauti yake ingali hai katika santuri.

Siti alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mzigua na mama yake Mnyamwezi, watu wa tabaka la chini katika jamii iliyokuwa bado ikishikilia utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, nalo lilitosha kumkumbusha kila mara mahali alipowekwa na jamii. Hakupata elimu ya shule. Alijifunza kufinyanga vyungu, kazi ya mama yake, akavipeleka mjini kuviuza. Inasimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba, na kwamba wateja walimtambua kwa sauti kabla ya kumwona.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyemfunza uimbaji, na akajifunza pia kuisoma Kurani kwa tajwidi. Alijiunga na wanamuziki wengine, wakiwemo Subeti, Buda, Mbaruku na Mwalimu Shaaban. Kadiri sifa zake zilivyoenea ndivyo jina la Mtumwa lilivyofifia, na mahali pake likaingia jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima.

Tangu enzi za Sultani Barghash taarab ilikuwa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliujua uimbaji huo na aliimba kwa Kiarabu pia, lakini mchango wake mkubwa ni kuiimba taarab kwa Kiswahili mbele ya watu wa kila tabaka. Nyumba yake mtaani Ng'ambo ilikuwa mahali pa kukutania na kutungia. Waliimba mapenzi, na waliimba pia dhuluma. Wimbo wa Kijiti, ulio mashuhuri kuliko nyingi, unasimulia habari za mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa, muuaji akatorokea bara huku walioshuhudia wakiishia kufungwa. Hukumu iliyotolewa na mahakama ilipata hivyo jibu lake katika ushairi, na jibu hilo lilidumu.

Mnamo Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa niaba ya kampuni ya His Master's Voice. Mwezi Juni mwaka uo huo wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa na kuamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya kuusimamia usanifishaji ilianza kazi mwaka wa 1930. Kwa hiyo lahaja moja ilipata hifadhi mbili kwa wakati mmoja. Hifadhi ya kwanza ilikuwa ya kamusi na sarufi, nayo iliongozwa na maafisa na wamishonari. Ya pili ilikuwa ya sahani za santuri, na aliyeibeba ni mfinyanzi ambaye hakuingia shuleni.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika Kitale, mwaka wa 1926, na njia kuu ikapitia Bungoma kuelekea Uganda. Kiswahili kilizidi kupanda bara, na sanifu ndicho kilichotamalaki shuleni. Kitabu kilimpa mwanafunzi wa bara tahajia na kanuni. Hakikuweza kumpa namna mizani inavyobebwa na mahadhi, mahali mwimbaji anapovuta pumzi, wala namna neno la kawaida linavyogeuka kuwa fumbo kwa mkazo wa sauti. Hayo yamo katika santuri, ingawa nyingine zimechakaa na maneno husikika kwa shida.

Siku zake za mwisho Siti alitembelewa na Shaaban Robert, aliyemhoji na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu huo umesomwa na vizazi vya wanafunzi, na wengi wao hawajawahi kumsikia Siti akiimba. Leo baadhi ya nyimbo zake zimenakiliwa kwenye CD na nyingine zinapatikana kwenye intaneti, hivyo masafa kati ya Bungoma na Unguja si kisingizio tena. Anayeuchambua ushairi wa Siti kwa macho peke yake ameshika nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ilitungwa kwa ajili ya sikio.