Kano Natsuo: Mnakshi wa panga aliyeinusuru sanaa yake

Mwezi Machi mwaka 1876, serikali ya Japani ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa waliovaa mavazi rasmi ya sherehe. Kwa amri hiyo moja, mafundi waliorithi kazi ya kunakshi vifaa vya panga walipoteza wateja wao. Miongoni mwa walioizuia sanaa hiyo isizikwe pamoja na upanga ni Kano Natsuo.

Natsuo alizaliwa Kyoto mwaka 1828, akalelewa na mfanyabiashara wa panga. Alijifunza kunakshi metali, na pia uchoraji kwa Nakajima Raisho, aliyefuata mtindo wa kuchora viumbe kama vionekanavyo. Elimu hizo mbili zilikutana kwenye ncha ya tindo yake: juu ya kikinga mkono cha upanga, kipande kinachoenea kiganjani, alichonga maua na ndege kana kwamba ametumia brashi.

Mwaka 1854 alihamia Edo, ambayo leo ni Tokyo. Mwaka 1869 serikali mpya ilimkabidhi kazi ya kubuni sarafu, na joka la yeni za mwanzo lilitokana na mkono wake.

Upanga ulipoondoka kiunoni, ufundi uleule ulihamia kwenye vibanio vya nywele, vifungo vya mshipi wa kimono na mapambo ya mifuko ya tumbaku. Metali hazikubadilika: shakudo, shaba yenye dhahabu kidogo inayotiwa dawa hadi iwe nyeusi, na shibuichi, shaba na fedha yenye rangi ya kijivu.

Mapambo hayo hufuata majira: ua la plamu baridi ikikaribia kwisha, cheri katika majira ya kuchipua, krisanthemu wakati wa mapukutiko. Kwa desturi, mvaaji huyatangulia majira kidogo, ili pambo lake lisishindane na ua lililochanua bustanini.

Mwaka 1890 Natsuo aliteuliwa kuwa msanii wa Kasri la Kifalme, akafundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo. Alifariki dunia mwaka 1898. Mlango wa ufundi uliokuwa ukirithishwa karakanani, kutoka kwa bwana hadi mwanagenzi, sasa ulikuwa umefunguliwa darasani.