Daktari Aleck Bourne na Msichana wa Kisii

Wanafunzi wa sheria hukutana na jina la Aleck Bourne mapema katika masomo yao, kisha wengi hulisahau pindi mtihani unapokwisha. Walimu na wanafunzi wa taaluma nyingine huenda hawajapata kulisikia. Hata hivyo, daktari huyu Mwingereza, aliyefariki mwaka 1974, ndiye aliyesababisha mahakama ya kwao itamke waziwazi kwamba akili ya mwanamke mjamzito haitengani na uhai wake. Tamko hilo lilivuka bahari likafika Afrika Mashariki. Lakini safari yake ya kufika Kisii ilikuwa ndefu mno, na wapo walioumia njiani.

Aleck William Bourne alizaliwa mwaka 1886. Alisoma Cambridge, akajifunza udaktari katika hospitali ya St Mary's mjini London, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitumikia jeshi kama mpasuaji nchini Misri. Vita vilipomalizika alijitolea kwa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1927 yeye na mwenzake J. H. Burn walichapisha utafiti kuhusu dawa zinazotenda kazi katika misuli ya uzazi wakati wa uchungu. Alikuwa, kwa ufupi, daktari mashuhuri wa tabaka la wakubwa, wala hakuwa mtu wa kuandamana barabarani.

Tarehe 27 Aprili 1938, msichana wa umri wa miaka 14 alikuwa akipita karibu na kambi ya askari wa mfalme mjini London. Aliitwa kwa hila akamtazame farasi mwenye mkia wa kijani. Alibakwa na askari zaidi ya mmoja, akapata mimba. Wazazi wake walimpeleka katika hospitali moja kubwa, na daktari wa huko akakataa kumsaidia, kwa hoja kwamba mtoto huenda ni wa mtu wa heshima na kwamba wasichana ndio huwavuta wanaume. Msomaji asidhani kwamba kauli za namna hii zilizaliwa vijijini kwetu.

Daktari mmoja wa kike, Joan Malleson, alimwandikia Bourne kumweleza habari za mtoto huyo. Bourne alijibu kwamba alikwisha kufanya upasuaji wa aina hiyo kabla yake, na kwamba safari hii angemjulisha Mwanasheria Mkuu wa serikali ili achukue hatua akitaka. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1861 iliharamisha kuavya mimba kinyume cha sheria, lakini haikueleza ni kuavya kupi kusiko kinyume cha sheria. Bourne alitaka neno hilo lipate maana.

Msichana alilazwa St Mary's mwanzoni mwa Juni, na jambo lililofuata ndilo ninalowaomba wasomaji walizingatie. Bourne hakumpasua siku hiyo. Alimweka wodini kwa siku 8 akimchunguza. Alitaka kujua kama mtoto huyu ana akili pungufu, au kama ana tabia ya ukahaba, maana katika hali hizo mbili aliona kwamba mimba isingemdhuru sana. Msichana alikuwa mtulivu. Kisha siku moja, alipokuwa akipimwa ili ijulikane kama ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, alivunjika, akalia kilio kisichozuilika. Kwa Bourne kilio hicho kilikuwa ushahidi. Baba wa msichana alikuwa ameridhia, na tarehe 14 Juni upasuaji ukafanyika. Polisi walipokuja kuuliza, daktari alikiri tendo lake na kuwataka wamkamate.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwezi Julai mwaka huo huo. Daktari wa magonjwa ya akili J. R. Rees alikuwa miongoni mwa mashahidi. Jaji Macnaghten aliwaeleza raia waliokaa kuamua kwamba hakuna ukuta kati ya uhai na afya, na kwamba daktari anayeamini kwa nia njema kuwa mimba itamharibu mwanamke kimwili au kiakili anaweza kuhesabiwa kuwa amefanya kazi ya kuuhifadhi uhai wake. Neno alilotumia jaji kwa mwanamke aliyeharibiwa hivyo lilitokana na vyombo vinavyovunjikia miambani. Kiswahili kina neno linalolikaribia, gofu: nyumba iliyobaki kuta tupu, nasi husema pia gofu la mtu. Bourne aliachiliwa huru.

Hapana shaka alionyesha ushujaa mkubwa, kwani angeweza kufungwa maisha. Lakini ushujaa usitupofushe. Mlango alioufungua ulikuwa na bawabu. Msichana aliingia kwa kuwa alilia, na kwa kuwa alionekana mtoto wa tabia njema. Je, angekuwa mkaidi? Angekuwa mmoja wa wale ambao msiba huwakausha macho? Kwa mizani hiyo angerudishwa nyumbani na mimba yake.

Kupima mwenendo wa mwanamke kwa kuangalia tumbo lake ni jambo la kale katika lugha nyingi. Wagusii walikuwa na neno amasangia, balaa iliyoaminika kufuata uzinzi wa mke, ambayo ingeweza kumwangusha mume au kuufanya uchungu wa uzazi uwe mgumu. Waganda walikuwa na amakiro, ugonjwa wa mzazi, pamoja na kurukwa na akili, ulionasibishwa na zinaa wakati wa mimba. Daktari wa London, pamoja na elimu yake yote ya Cambridge, alikuwa na amasangia yake mwenyewe. Hakuwa na jina lake tu.

Maisha ya Bourne baada ya kesi yanawashangaza wengi. Mwaka 1942, katikati ya vita, alichapisha kitabu kuhusu mustakabali wa afya ya umma, na mwaka 1962 akatoa kumbukumbu za maisha yake. Bunge la Uingereza lilipokaribia kupitisha sheria ya mwaka 1967 iliyopanua ruhusa ya kuavya mimba, mzee huyu aliyekuwa na miaka 80 alisimama upande wa wapinzani, akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha kuwalinda watoto walio tumboni. Wako wanaosema kwamba aligeuka. Mimi sioni kwamba aligeuka sana. Tangu mwaka 1938 alitaka daktari awe mwamuzi, na mlango uwe mwembamba.

Kuhusu akili yenyewe, elimu imesonga mbele tangu siku hizo. Husikika mara nyingi, mimbarini na katika mabaraza ya walimu, kwamba mwanamke anayeavya mimba hupata wazimu au huzuni isiyokwisha. Mwaka 2011 vyuo vya kitabibu vya Uingereza vilikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba, kwa wanawake wenye mimba wasiyoitaka, kiwango cha maradhi ya akili kilikuwa sawa, wawe wameavya au wamezaa. Dalili kubwa ya matatizo ya baadaye ilikuwa kwamba mwanamke alikuwa na matatizo ya akili hata kabla ya hapo. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia wanawake wapatao 1,000 kwa miaka 5. Waliokataliwa huduma ndio walioanza na wasiwasi mwingi zaidi na kujithamini kidogo, ingawa tofauti hiyo ilififia kadiri muda ulivyopita. Tafiti hizi hazisemi kwamba hakuna mwanamke anayejuta au kuomboleza. Wapo, na wanastahili kusikilizwa bila kuhubiriwa. Aidha, zilifanywa mahali ambapo huduma ni halali na salama. Anayefanya jambo hili gizani hubeba pia hofu ya kifo, ya polisi na ya jirani.

Kenya ilirithi sheria ya Kiingereza pamoja na utata wake. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu viliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Mwaka 1959, katika kesi ya Mehar Singh Bansel, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba sababu njema ya kitabibu hulitofautisha tendo la daktari na uhalifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, ilikataza kuavya mimba ila pale ambapo mhudumu wa afya aliyefunzwa anaona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba uhai au afya ya mama imo hatarini, au pale sheria nyingine inaporuhusu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inaifasili afya kwa kujumuisha hali njema ya akili. Kwenye karatasi, basi, Bourne alikwisha kufika.

Lakini mwezi Desemba 2013 Wizara ya Afya iliuondoa mwongozo wa mwaka 2012 uliowaelekeza wahudumu jinsi ya kuitekeleza Katiba, na mapema mwaka 2014 ikapiga marufuku mafunzo yao. Mwaka huo huo, msichana mmoja wa eneo la Kisii, mwenye umri wa miaka 14 kama yule wa London, alibakwa na mtu mzima akapata mimba. Hapakuwa na wodi ya St Mary's, wala daktari wa kumwandikia Mwanasheria Mkuu. Alipitia uchochoroni. Alifikishwa hospitalini akiwa katika hali mbaya, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na figo zake zikaharibika.

Mwalimu wa Kisii au Nyamira anayesoma haya anajua kwamba mara nyingi yeye ndiye mtu mzima wa kwanza kuona mabadiliko. Msichana aliyekuwa akinyoosha mkono darasani hanyooshi tena. Anasinzia. Anakosa shule Jumatatu mbili mfululizo. Huenda asilie mbele ya mtu yeyote, na kutolia kwake hakuthibitishi kwamba hajaumia. Siku 8 za Bourne zilikuwa na kasoro nilizozitaja, lakini zilikuwa siku 8 za mtu mzima mwenye madaraka kukaa karibu na mtoto na kujiuliza kinachoendelea moyoni mwake. Ni nani aliyempa msichana wa Kisii hata siku moja ya namna hiyo?

Tarehe 12 Juni 2019 majaji 5 wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliamua kwamba wizara ilivunja sheria kwa kuuondoa mwongozo huo. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na kubakwa inaweza kutolewa iwapo mhudumu aliyefunzwa anaona kwamba inahatarisha uhai au afya ya mama. Waliagiza mama wa msichana alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Msichana mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka uliotangulia, akiwa na umri wa miaka 18.