Broncho Billy, kauboi wa kwanza wa sinema, aliangushwa na farasi

Mwaka wa 1903, huko Marekani, kijana mumoja wa miaka 23 alienda kuomba kazi katika filamu juu ya wezi wa gari-moshi. Walimuuliza kama anajua kupanda farasi, naye akajisifu kwamba anajua sana. Siku ya kazi, farasi akamutupa chini.

Edwin Porter, mwenye kupiga filamu ile, hakumufukuza. Alimupa sehemu zingine: mwizi, abiria anayepigwa risasi, na mugeni anayelazimishwa kucheza dansi. Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 12 hivi, na watu walijaa kuiangalia.

Jina lake la kuzaliwa ni Max Aronson, mutoto wa jamaa ya Wayahudi wa Little Rock, Arkansas. Kwenye kazi alijiita Gilbert Anderson. Mwaka wa 1907 yeye na George Spoor walianzisha kampuni Essanay kule Chicago. Jina hilo ni herufi S na A za majina yao. Spoor alibaki na hesabu ya makuta, Anderson akabeba kamera akaenda upande wa magaribi.

Huko ndiko Broncho Billy alizaliwa. Huyu si yule akteri asiye na kosa: mara nyingi ni jambazi anayetafutwa, lakini roho yake inageuka, anasaidia watu. Filamu hizo fupi zilipita 100, nyingi zilipigwa Niles, California, na sasa Anderson alikuwa anapanda farasi mwenyewe.

Mwaka wa 1915 Charlie Chaplin pia alifanya kazi Niles, lakini hakukawia, akaenda kwenye mushahara mukubwa zaidi. Mwaka uliofuata Anderson akamuuzia Spoor sehemu yake. Watu walikuwa wamekwisha kupenda makauboi wengine: William Hart na Tom Mix.

Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walijiita Bills, wakiiga makauboi wa filamu. Njia ya filamu hizo ilikuwa imepasuliwa na huyu mutu wa kuanguka, lakini jina lake lilikuwa limesahauliwa hata kwao. Wengine walizani amekufa zamani. Mwaka wa 1958 ndipo alipewa Oscar ya heshima.

Mwaka wa 1965 alionekana tena kidogo katika filamu moja ya kauboi, muzee ndani ya baa. Alikufa Januari 1971, akiwa na miaka 90.