James Chapin na unyoya wa Avakubi



Mwezi huu wa tatu, tukishuka kule mtoni jioni, tunaona mbayuwayu wengi wakipita juu ya maji. Wanarudi Ulaya kutaga mayai. Sisi tunatazama tu, tunaendelea na safari yetu. Leo tunataka kueleza maisha ya mtu aliyesimama akauliza.

James Chapin alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1889. Alikuwa na miaka 19 tu, karibu sawa na sisi wa kilasi ya mwisho, wakati nyumba ya makumbusho ya mji ule ilipomtuma Kongo mwaka 1909, yeye na Herbert Lang. Walifika hapa kwetu, mji ukiitwa bado Stanleyville, halafu wakaingia katika pori la Ituri. Kazi ile iliendelea mpaka 1915.

Kuko ndege mmoja wa usiku, kirukanjia, ambaye dume lake lina unyoya mrefu sana katika kila bawa. Anataga kusini ya ikweta, kisha anavuka Kongo yetu kwenda kaskazini. Mwaka 1916 Chapin aliandika habari za safari hiyo.

Lakini unyoya mwingine ulimshinda. Mwaka 1913, kule Avakubi, aliuona katika kofia ya mwenyeji. Akautazama, akaulinganisha, hakujua ni wa ndege gani. Mwingine angeutupa. Yeye akauweka.

Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alikuwa Tervuren, Ubelgiji, katika makumbusho ya Kongo. Juu ya kabati akaona ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa pale, na karatasi inasema ni tausi wadogo wa India. Kumbe! Ule unyoya ulikuwa wa ndege kama hao. Hawakuwa wa India hata kidogo: ni tausi wa Kongo, ambaye haishi katika inchi nyingine yoyote. Akampa jina Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi porini akawapata wenyewe.

Chapin aliandika vitabu vinne vikubwa juu ya ndege za Kongo, kutoka 1932 mpaka 1954. Alikufa mwaka 1964.

Sasa tufikiri. Wawindaji wetu walimjua yule tausi tangu zamani, na watu walivaa manyoya yake kichwani. Katika vitabu tu ndimo hakuwamo. Wazee wale wamekwisha kwenda, na wengi walikwenda na elimu yao yote. Hiyo ni hasara yetu, si ya Chapin.

Basi vakansi ikifika, wewe unayekwenda kijijini, kaa karibu na babu. Muulize majina ya ndege, na mwezi gani wanakuja, mwezi gani wanakwenda. Andika katika kaye yako. Na kama neno moja linakushinda, usilitupe.